Asubuhi ya baridi kali: wazazi wa ughaibuni wanauliza

Barua nyingi tulizopokea msimu huu zimetoka kwa wazazi wanaoishi Minnesota na North Dakota, Marekani, na Manitoba, Kanada. Wengi wao wametoka Kenya, Tanzania na Kongo, na zaidi ya nusu ya maswali yao yanahusu saa moja tu ya siku: ile ya kumtoa mtoto kitandani hadi afike darasani. Tumechagua saba. Vipimo tumeviandika kwa Selsiasi, na pale ambapo redio na simu za Marekani zinatumia Farenhaiti tumeziweka zote mbili. Kwenye 40 chini ya sifuri vipimo hivyo viwili hukutana, ni baridi ile ile.

Wiki iliyopita simu ilionyesha nyuzi 25 chini ya sifuri na watoto walikwenda shule. Wiki hii ni 25 ile ile, shule imefungwa. Wanaamua kwa kigezo gani?
*Baba wa watoto wawili, Minneapolis*

Ndugu, hapo kilichobadilika ni upepo. Mwili wa mtu hupasha hewa iliyo karibu na ngozi, nayo hukaa pale kama shuka jembamba. Upepo unalipeperusha shuka hilo, mwili unalazimika kupasha jingine, na ngozi inapoa upesi zaidi. Ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa wa Marekani na Kanada hutangaza namba mbili: baridi ya hewa yenyewe, na baridi ya upepo, yaani baridi ambayo ngozi isiyofunikwa itaihisi. Kanuni wanayotumia sasa ilianza mwaka 2001.

Tuichukue siku yako. Hewa ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 5 kwa saa, ngozi huhisi 30 chini. Hewa ile ile ikipata upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi huhisi 41 chini. Kwa vipimo vya Kanada, kuanzia 28 hadi 39 chini ya sifuri ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kuanzia 40 hadi 47 chini, ni dakika 5 hadi 10. Basi la shule likichelewa robo saa siku ya kwanza, mtoto aliyevaa vizuri atanung'unika tu. Siku ya pili anaweza kupanda basi akiwa na kidonda usoni.

Hiyo ndiyo hesabu inayofanywa na mkuu wa wilaya ya shule. Majengo ya shule yana joto, na walimu wengi watafika. Wasiwasi wake ni watoto wanaotembea kwa miguu na wale wanaosubiri kituoni. Anafikiria pia mabasi yenyewe: dizeli ya kawaida huanza kutoa chembe za nta kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri, chembe hizo huziba chujio, na unyevu ulioingia kwenye mabomba ya breki za upepo huganda. Madereva huchanganya dizeli nyepesi ya majira ya baridi na kuchomeka hita za injini usiku kucha, lakini katika mabasi mia hayakosi machache yatakayogoma.

Wilaya nyingi za Minnesota huanza kufikiria kufunga baridi ya upepo inapokaribia 35 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, ambayo ni kama 37 chini kwa Selsiasi. Hakuna namba moja ya jimbo zima. Kila wilaya ina yake, na iko kwenye tovuti yao. Itafute leo, iandike, ibandike mlangoni. Ni nadra sana jimbo lote kufungwa kwa pamoja. Gavana Mark Dayton alifunga shule zote za umma za Minnesota tarehe 6 Januari 2014, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka 17.

Tangu Oktoba 2024 idara ya hali ya hewa ya Marekani imebadilisha majina ya matangazo yake. Lile la juu kabisa sasa linaitwa onyo la baridi kali kupindukia, na neno "upepo" halimo tena kwenye jina. Usilisubiri neno "upepo" ndipo uchukue hatua.

Mwanangu wa darasa la kwanza namvalisha soksi jozi tatu na bado anarudi miguu ikiwa kama barafu. Nakosea wapi?
*Mama, Winnipeg*

Dada, hizo soksi tatu ndizo zinazompoza. Joto la mguu huletwa na damu, na linatunzwa na hewa iliyotulia ndani ya buti. Soksi tatu kwenye buti la saizi yake hubana mishipa na kuifukuza hewa yote. Mvalishe soksi moja nyembamba ya poliesta, juu yake moja nene ya sufu, basi. Kisha mwambie achezeshe vidole ndani ya buti. Vikikwama, buti ni dogo. Panatakiwa pabaki nafasi kiasi cha upana wa kidole chako mbele ya dole gumba lake. Na ile namba ya nyuzi iliyochapwa kwenye kiboksi cha buti usiiamini sana, maana viwanda havifuati kipimo kimoja, na mtoto aliyesimama kituoni hupoa upesi kuliko anayetembea.

Kuna kosa la pili ambalo karibu kila nyumba inalifanya. Buti za theluji huwa na buti jingine laini ndani yake, la kuchomoa. Mtoto akicheza, mguu unatoka jasho na lile la ndani linalowa, hata kama nje pamekauka kabisa. Likiachwa humo usiku, asubuhi mtoto anavaa unyevu. Kila jioni lichomoe, lisimamishe wima karibu na hita (usiliweke juu ya hita, litaungua au kusinyaa), na asubuhi liguse kwa mkono hadi kwenye ncha ya vidole. Hapo ndipo unyevu hujificha.

Nguo nyingine zinafuata akili hiyo hiyo: hewa itulie, unyevu utoke. Tabaka la kwanza liguse ngozi, la poliesta au sufu nyembamba, mikono mirefu na suruali yake. Pamba hapana. Fulana ya pamba hunyonya jasho na kulishikilia, na mtoto aliyekimbilia basi atakaa nalo kifuani mpaka saa sita. Tabaka la pili ni sweta la flisi au sufu. La tatu ni koti lisilopitisha upepo, refu la kufunika makalio, na suruali ya theluji. Kofia ifunike masikio yote. Glavu za mtoto ziwe zile za mfuko, vidole vinne pamoja na dole gumba peke yake, kwa sababu vidole vilivyo pamoja hupashana joto. Mtie jozi ya pili ya glavu na soksi kavu kwenye begi, ndani ya mfuko wa plastiki.

Skafu ndefu hatuipendi kwa mtoto mdogo. Hunasa kwenye bembea na kwenye mlango wa basi. Chukua kinga ya shingo, ile ya mviringo inayovaliwa kama shingo ya sweta na kuvutwa hadi puani. Nunua mbili, maana pumzi huilowesha na ile ya asubuhi haitafaa jioni. Hereni za chuma zivuliwe kabla ya kutoka, hasa zile za bawaba zinazoning'inia: chuma hupitisha baridi moja kwa moja kwenye ndewe ya sikio. Na nywele zioshwe jioni. Nywele mbichi huganda kabla hajafika kituoni.

Mwisho, fikiria mwalimu mmoja mwenye watoto ishirini wanaotakiwa kuvaa kwa wakati mmoja kwenda nje. Mtoto asiyeweza kufunga zipu yake ndiye anayetoka koti likiwa wazi. Fanya naye mazoezi Jumapili, kwa mpangilio huu huu kila mara: suruali ya theluji, buti, koti, kofia, kinga ya shingo, glavu mwisho. Akianza na glavu hawezi kushika zipu. Akianza na koti hawezi kuinama avae buti. Mpangilio huo ukimkaa, atavaa mwenyewe kwa dakika tano. Andika jina lake ndani ya kila kipande, maana kwenye kapu la vilivyopotea glavu nyeusi ni nyeusi zote.

Kama fedha ni kikwazo, usinyamaze. Zungumza na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa shule. Shule nyingi zina kabati la makoti na buti, na huwapa watoto bila maswali mengi. Maduka ya mitumba nayo huwa na suruali za theluji nzuri mwezi Septemba, kabla watu hawajazikumbuka.

Binti zangu wanavaa hijabu na magauni marefu. Pindo linalowa theluji na kuganda. Tufanyeje bila kuacha stara?
*Mama, St. Cloud*

Suruali ya theluji ivaliwe chini ya gauni, na gauni likunjwe hadi magotini na kubanwa kwa mkanda wa lastiki njiani. Suruali hiyo ni pana na haionyeshi umbo, stara iko pale pale. Akifika darasani anavua suruali na kushusha pindo likiwa kavu. Hijabu ya pamba au ya hariri haizuii upepo, kwa hiyo chini yake avae kofia nyembamba ya sufu inayobana kichwa na kufunika masikio, na koti lenye kofia lije juu ya yote. Aepuke pini za chuma zinazogusa shavu au shingo.

Nimezoea kuwapaka wajukuu mafuta ya mgando usoni kabla hawajatoka. Mwalimu anasema hayasaidii. Na je, nitajuaje ngozi imeanza kuganda? Watoto wetu ni weusi, hiyo rangi nyekundu wanayoisema siioni.
*Bibi, Fargo*

Shikamoo bibi. Swali lako la pili ni zito na linafaa kusomwa na kila mzazi, maana vipeperushi vingi viliandikwa kwa ngozi nyeupe.

Kwanza mafuta. Yanazuia ngozi kukauka na kupasuka, na kwa hilo endelea kupaka, hasa jioni baada ya kuoga. Lakini hayazuii kuganda. Ubaya wake ni kwamba uso uliopakwa huhisi kama umelindwa, na mtoto anasahau kuvuta kinga yake hadi puani. Kinachokinga uso ni kitambaa.

Sasa dalili. Sehemu zinazoanza ni pua, masikio, mashavu, kidevu, na ncha za vidole vya mikono na miguu. Mwanzoni panauma au panachoma kama sindano. Kisha maumivu yanaacha. Hapo ndipo watu hujidanganya kwamba amezoea, kumbe neva zimekufa ganzi. Kwenye ngozi nyeusi tafuta sehemu iliyopauka kuliko jirani zake, kama imepakwa majivu, au yenye rangi ya kijivu au manjano hafifu, inayong'aa kama nta. Halafu tumia mkono: bonyeza taratibu. Ngozi nzima ni laini na hurudi. Ngozi inayoganda ni ngumu, baridi, na mtoto hasikii unavyobonyeza. Linganisha sikio la kushoto na la kulia, kidole na kidole. Tofauti utaiona hata kwenye taa hafifu.

Ukiiona, mwingize ndani, vua kila kilicholowa. Tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, kiasi cha nyuzi 37 hadi 39. Pima kwa kiwiko chako wewe, kwa sababu mkono wake hauna hisia na utaungua bila yeye kujua. Maji yakipoa ongeza mengine ya vuguvugu, kwa dakika 20 hadi 30. Pua na sikio viwekee kitambaa kilicholowa maji hayo hayo, au kiganja chako kikavu. Hisia zikirudi zitauma sana, na mtoto atalia. Hiyo ni dalili njema.

Usisugue, bibi, hata kidogo, na wala usisugue kwa theluji kama wanavyosema wengine: ndani ya ngozi mna vipande vidogo vya barafu, na kusugua ni kukatakata nyama. Usimsogeze kwenye moto, hita wala kikausha nywele. Yakitokea malengelenge, ngozi ikigeuka nyeusi ya ajabu au hisia zisiporudi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja linalotangulia yote hayo. Mtoto akitetemeka mfululizo, akazungumza kama mlevi, akashindwa kushika vitu, au aliyekuwa akitetemeka akaacha ghafla na kusinzia, mwili mzima umepoa kupita kiasi. Piga 911, mfunike kifua na tumbo kwanza, na vidole vitasubiri. Mtoto mchanga hatetemeki. Yeye ngozi huwa ya baridi na anakuwa mlegevu.

Gari langu linagoma asubuhi, na likiwaka mtoto anakataa kuvua koti kwenye kiti chake. Kuna ubaya akifungwa mkanda na koti?
*Baba, Des Moines*

Ubaya upo, tena mkubwa. Koti nene limejaa hewa. Gari likigonga, hewa hiyo hutoka mara moja, mkanda unabaki umelegea, na mtoto anachomoka. Jaribu mwenyewe. Mvalishe koti, mfunge, kaza mkanda mpaka basi. Mfungue, mvue koti, mfunge tena bila kugusa urefu wa mkanda. Sasa bana utepe wa mkanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, ndiyo nafasi ambayo angechomokea. Kwa hiyo avae flisi nyembamba, afungwe, mkanda ukazwe, kisha koti lirudishwe kinyumenyume, mikono ikipita kwenye mikono ya koti na mgongo wa koti ukiwa kifuani, au afunikwe blanketi juu ya mkanda. Koti lianze kupashwa moto ndani ya nyumba, utaona hagomi.

Kuhusu gari: betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na kama nusu ya nguvu yake, na wakati huo huo oili imekuwa nzito na injini inahitaji nguvu zaidi kuzunguka. Betri iliyopita miaka mitatu ipimwe kabla ya Desemba. Maduka mengi ya vipuri hupima bure. Kama gari lina hita ya injini (tafuta waya wenye plagi mbele, karibu na grili), ichomeke saa mbili hadi nne kabla ya kuondoka, kwa saa ya kujiwashia, na ukumbuke kuichomoa. Upepo hauwezi kulipoza gari chini ya baridi ya hewa, kwa hiyo kwa injini angalia namba ya hewa na uiache ile ya upepo. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Usiwashe injini ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Theluji ikiwa imelundikana nyuma ya gari, fukua bomba la moshi kabla ya kuwasha, maana moshi ukikosa njia hurudi ndani. Na mtoto asiachwe peke yake kwenye gari linalonguruma. Wezi wa magari huzisubiri asubuhi hizo.

Nafanya kazi ya kutunza wazee, naingia saa kumi na mbili asubuhi. Tangazo la kufunga shule linakuja saa kumi na moja. Nina mtoto wa miaka 12 na wa miaka 7. Nikiwaacha nitaitiwa polisi? Nisipokwenda nitafukuzwa?
*Mama, Rochester, Minnesota*

Pole, dada. Wengi wako kwenye mtego huo, na wengi wanajiingiza matatani kwa kutojua haki yao.

Anza na kazi. Minnesota ina sheria ya likizo ya ugonjwa na usalama yenye malipo, iliyoanza tarehe 1 Januari 2024. Kwa kila saa 30 unazofanya kazi unajipatia saa moja ya likizo, hadi saa 48 kwa mwaka. Inawahusu hata wanaofanya kazi saa chache, ilimradi zifike 80 kwa mwaka. Na sheria yenyewe inataja wazi kwamba unaweza kuitumia shule ya mtoto inapofungwa kwa ajili ya hali ya hewa. Mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kuitumia. Angalia karatasi yako ya mshahara, saa ulizolimbikiza zinatakiwa kujulikana. Asubuhi hiyo mpigie msimamizi mara tu tangazo linapotoka, kisha umtumie ujumbe wa maandishi wenye saa na sababu, na uuhifadhi.

Sasa watoto. Maofisa wa ulinzi wa watoto wa Minnesota wana kipimo wanachotumia: mtoto wa miaka 7 kurudi chini hapaswi kuachwa peke yake hata kidogo, wa 8 hadi 10 asizidishe saa tatu, wa 11 hadi 13 asizidishe saa kumi na mbili. Mtoto wa chini ya miaka 11 hapaswi kupewa mdogo amlee. Wa 12 anaweza, akiwa ameelewa la kufanya. Kwa hiyo wako wawili wanaweza kubaki pamoja kwa zamu yako, lakini ofisa ataangalia pia kama kuna chakula, joto, simu na mtu mzima wa karibu. Majimbo mengine yana hesabu zao. Wasomaji wa Manitoba wajue kwamba kule mtoto wa chini ya miaka 12 haachwi bila mpango wa mtu wa kumtunza.

Lililo bora ni kulimaliza jambo hili Oktoba. Tafuta familia mbili za jirani zenye zamu tofauti na yako, mkubaliane kwa maneno kamili nani anachukua watoto siku gani. Baridi kali hutabirika kuliko theluji, na wilaya nyingi hutangaza jioni ya kuamkia siku hiyo. Jioni utabiri ukionyesha namba ya wilaya yako, piga simu usiku huo huo. Usisubiri saa kumi na moja.

Yako mambo mawili ya kuuliza shule. Je, siku hiyo ni ya kufungwa kabisa, au ya kujifunzia nyumbani kwa kompyuta? Tangu 2017 wilaya za Minnesota zinaruhusiwa hadi siku tano za namna hiyo kwa mwaka, na mtoto asiyeingia darasani kwa mtandao anaweza kuandikwa mtoro. Na je, ni kufungwa au kuchelewa saa mbili? Siku ya kuchelewa, basi nalo linachelewa saa mbili. Mtoto anayetoka kwa saa ya kawaida atasimama kituoni peke yake kwa saa mbili nzima. Makosa haya hutokea kwa sababu ujumbe umekuja kwa Kiingereza na mzazi amekisia. Shule inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani andika Kiswahili, na ukipigiwa simu sema tu "Swahili interpreter". Mkalimani halipwi na wewe, na mtoto wako asifanywe mkalimani.

Kituo cha basi kiko mbali na upepo ni mkali. Isitoshe shule inawatoa nje kucheza hata kwenye baridi. Mwanangu ana pumu, naogopa kichomi.
*Baba, Moorhead*

Kichomi, yaani nimonia, na mafua huletwa na vijidudu vinavyosambaa zaidi watu wanapojazana ndani. Baridi peke yake hailetei mtoto nimonia. Dakika ishirini za kukimbia nje zinamfaa, na shule nyingi za Minnesota huwabakiza ndani baridi ya upepo ikishuka kati ya sifuri na 10 chini kwa Farenhaiti, yaani 18 hadi 23 chini kwa Selsiasi. Ulizia namba ya shule yako.

Pumu ni jambo jingine kabisa. Hewa baridi na kavu huibana njia ya hewa, hasa mtoto akikimbia. Muulize daktari kama atumie pampu yake dakika 15 kabla ya kutoka, na umwombe aandike mpango wa pumu wa kukabidhiwa nesi wa shule. Mtoto apumue kwa pua, kinga ya shingo ikiwa juu. Pampu ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili: ikipoa sana gesi yake hupungua nguvu na dozi haitoki kamili, na utadhani dawa imeisha.

Kwa kituo, iandikie ofisi ya usafiri ya wilaya uombe kisogezwe, ukitaja umbali na ugonjwa wa mtoto. Barua yenye mhuri wa daktari hujibiwa upesi. Wilaya nyingi zina programu ya simu inayoonyesha basi lilipo. Mtoto abaki ndani hadi basi likiwa dakika tatu mbali. Simu nayo ikae mfuko wa ndani, betri zake huzimika ghafla kwenye baridi. Na mpe agizo moja lisilo na maswali: basi lisipofika ndani ya dakika kumi, arudi nyumbani, na kama nyumba imefungwa agonge kwa jirani fulani, unayemtaja kwa jina. Asianze kutembea kwenda shule.

Mwambie pia asiguse chuma kwa ulimi. Watoto hushindana kufanya hivyo kwenye nguzo za uwanja, na mate huganda papo hapo. Ikitokea, asivute. Mwenzake akamwite mwalimu alete maji ya vuguvugu na kuyamimina taratibu pale ulimi ulipogusa, nao utaachia wenyewe.